Rufaa ya Mlango wa Choo

TANGAZO KWA WANANCHI WOTE. Mahakama Kuu ya Rufaa ya Nchi, Jabali la Haki, Kimbilio la Wanyonge, Jicho Lisilosinzia, inayo furaha isiyo kifani kuwatangazia wananchi watiifu, pamoja na wale ambao bado wanajifunza utii, kwamba leo imetimiza miaka arobaini tangu kuanzishwa kwake, na kwamba katika miaka yote hiyo haijakosea hata mara moja. Wananchi wajitokeze kwa wingi kushukuru.

Tangazo hili lilibandikwa mlangoni pa mahakama kichwa chini miguu juu. Likaachwa hivyo hivyo. Kulibandua na kulibandika upya kungekuwa kukiri kwamba kuna kitu kilikosewa, na mwaka wa arobaini na moja ungeanza vibaya. Basi wananchi wakawa wanalisoma wameinamisha vichwa mpaka shingo zinawauma, na Msajili wa Mahakama, aliyekuwa akiwachungulia dirishani, akaandika katika taarifa yake kwamba umma unainamisha kichwa kwa heshima.

Miongoni mwa shingo zilizouma asubuhi hiyo ilikuwamo ya Bi. Chausiku Mapande, mshonaji wa sare za shule, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita watoto watatu kutoka mtaa wa pili. Bi. Chausiku alikuwa ameolewa kwa miaka thelathini na mmoja, na ameachika kwa siku sita. Mumewe hakumwacha. Aliyemwacha ni mahakama.

Nchi yenyewe hatuitaji kwa jina, wala si kwa woga. Ni kwamba kesi ya kuamua iitweje bado iko rufaa.

*

Mambo yalianzia chooni.

Choo cha Bi. Chausiku kilikuwa uani, na mlango wake ulifunguka kwa nje, kama milango mingi ya watu wema. Siku moja jirani yake, Bwana Mgeta, akajenga ukuta kwa ajili ya usalama wa kuku wake. Ukuta ukapita shibiri mbili tu kutoka kwenye mlango ule. Tangu hapo mlango ulifunguka kidogo, ukagonga ukuta, ukakwama. Bi. Chausiku, ambaye ni mwembamba, aliingia kwa ubavu. Mumewe, Mzee Pazi, alikuwa na tumbo alilolilea kwa miaka mingi na hakuwa tayari kulitupa kwa ajili ya kuku wa mtu. Aliingia kwa kutoa pumzi zote, na alipokuwa ndani alisali apate nguvu ya kutoka.

Wakaenda mahakamani. Mlalamikaji alikuwa Bi. Chausiku, kwa sababu kiwanja kilikuwa kwa jina lake. Mzee Pazi alimsindikiza.

Inafaa msomaji aelezwe kwamba katika nchi hii hukumu huandikwa kabla ya kesi kusikilizwa. Wageni hushangaa, lakini faida zake ni dhahiri. Hakimu hababaishwi na maneno ya watu, na mpiga chapa wa mahakama huzichapa hukumu zote Jumatatu, akapumua Jumanne. Tena hazina majina ndani, ili haki isije ikampendelea mtu kwa kumjua. Kila hukumu hutiwa kwenye jalada lake, na jalada ndilo lenye namba.

Jumanne hiyo, saa tatu asubuhi, Bi. Chausiku alieleza habari ya mlango kwa mikono yote miwili. Hakimu Bulugu alimsikiliza amefumba macho, kisha akafungua jalada na kusoma kwa sauti nzito:

"Mahakama, baada ya kutafakari kwa kina, kwa mapana na kwa marefu, inaamuru kama ifuatavyo. Ndoa ya mlalamikaji imevunjwa kuanzia saa hii. Mumewe aondoke nyumbani na akae umbali usiopungua hatua hamsini. Siku tisini zikipita bila amri hii kutenguliwa, itakomaa, na haitatenguliwa milele. Inayofuata!"

"Mheshimiwa," alisema Bi. Chausiku, "ndoa gani?"

"Yako, mama."

"Mimi nimekuja kwa habari ya ukuta."

"Na ukuta umesikilizwa."

"Mume wangu si yule pale, Mheshimiwa? Amenisindikiza!"

Hakimu Bulugu akachungulia juu ya miwani. Mzee Pazi akampungia mkono kwa adabu.

"Mwambie asogee," alisema Hakimu. "Yuko ndani ya hatua hamsini."

Wenye midomo mirefu wamesema kwamba mpiga chapa alichanganya karatasi. Tunapinga kwa nguvu zote. Mpiga chapa wa mahakama ile ni mtu makini, mwenye cheti, na anayependwa na wenzake. Kama siku hiyo chai ya ofisini ilizidi tangawizi, na kama mtu mwenye majalada mawili wazi mezani akawashwa koo ghafla akakimbilia maji, basi hilo ni suala la mpishi. Tuendelee.

*

Mzee Pazi alikuwa mstaafu wa Idara ya Mizani na Vipimo. Kwa miaka ishirini na minane alizunguka madukani kuhakikisha kilo ni kilo, na hakuwahi kuvuka barabara isipokuwa penye michoro. Alipoambiwa hatua hamsini, alisimama palepale, akageuka na kuanza kuhesabu kuelekea mlangoni. Bi. Chausiku alimsikia akifika kumi na saba, kisha sauti ikapotelea nje.

Nyumbani alipima tena, kuanzia kizingitini. Hatua ya hamsini ikaangukia sebuleni kwa Bwana Mgeta, kando ya kochi. Mzee Pazi akabisha hodi, akaeleza kwamba sheria imemleta hapo, akakaribishwa.

Sasa, choo cha Bwana Mgeta kilikuwa na vigae vyeupe na mlango mpana kama wa hoteli. Siku ya tatu, Bi. Chausiku akiwa uani anaanua nguo, alisikia ng'ambo ya ukuta mtu anapiga mluzi chooni. Akatega sikio. Alikuwa Mzee Pazi. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumsikia mume huyu akipiga mluzi.

Hapo ndipo alipoogopa. Talaka ya makaratasi aliiweza. Lakini siku tisini za vigae vyeupe, na mwanamume ambaye hajawahi kuvunja amri hata moja, vikikaa pamoja mpaka amri ikomae, hatakuwa na mume tena wa kumwita.

Ndivyo alivyofika Mahakama Kuu ya Rufaa siku ya sita, akainamisha shingo kusoma tangazo, akaingia.

Ndani palikuwa na madirisha matatu. La kwanza liliandikwa MADAI, la pili FAMILIA, la tatu JINAI. Nyuma ya yote matatu alikaa mtu mmoja, Msajili Lukiza, ambaye kwa uhaba wa watumishi alihamisha kiti kutoka dirisha hadi dirisha na kubadilisha kofia.

"Nimekuja kukata rufaa," Bi. Chausiku alisema kwenye dirisha la Madai.

Msajili alisoma karatasi yake. "Hii ni talaka, mama. Talaka ni Familia. Dirisha linalofuata."

Bi. Chausiku akasogea hatua tatu. Msajili naye akasogeza kiti, akavaa kofia nyingine na kumtazama kama hajawahi kumwona.

"Karibu Familia. Shida yako?"

"Ileile."

"Ipi, mama? Ndiyo kwanza nakuona." Akasoma. "Mbona namba ya jalada inaanza na herufi ya madai? Hii ni Madai. Dirisha lililopita."

"Nimetoka huko sasa hivi! Umenileta wewe!"

"Mimi? Mimi ni Familia."

Bi. Chausiku alishusha pumzi, akaweka mkoba chini. "Na dirisha la tatu je?"

"Jinai?" Uso wa Msajili ulichangamka. "Jinai iko wazi kwa kila raia, mama. Bila ubaguzi wowote. Sharti uwe umetenda kosa."

*

Siku ya tisa alipata mgeni. Alikuwa Bi. Nuru Shebe, kijana wa mtaa wa Stesheni, ambaye asubuhi ileile ya Jumanne alikuwa amekwenda kwa Hakimu Bulugu kuomba talaka. Alikuwa amesikia habari za mwanamke aliyeomba ukuta akapewa talaka, akaja na karatasi mkononi na vumbi kichwani.

"Dada yangu," alisema akijitupa mkekani, "mimi nimeomba talaka nikapewa vifusi."

Ikawa hivi. Hukumu aliyosomewa Bi. Nuru ilisema: ukuta ulio mbele ya choo cha mlalamikaji ubomolewe ndani ya siku saba. Choo cha Bi. Nuru hakikuwa na ukuta wowote mbele yake. Watekelezaji wa amri walipofika wakauchunguza uwanja mzima, wakashauriana, na wakaona kwamba amri ya mahakama haiwezi kukosa kutekelezwa kwa sababu ndogo kama hiyo. Wakaujenga ukuta kwanza. Wakasubiri ukauke, kwa maana wao ni watu wa haki. Kisha wakaubomoa.

"Na mume?" aliuliza Bi. Chausiku.

"Yupo! Amekaa juu ya vifusi anakula karanga."

Bi. Chausiku akaitandaza karatasi ya Bi. Nuru kando ya yake, apate kuzilinganisha. Ndipo wote wawili walipoona. Pembeni mwa karatasi ya talaka palikuwa na nusu duara la rangi ya kahawia. Pembeni mwa karatasi ya ukuta palikuwa na nusu duara jingine. Aliposogeza karatasi zikagusana, nusu mbili zikawa duara moja zima, safi, la kitako cha kikombe cha chai.

"Hizi zililala pamoja mezani," Bi. Nuru alinong'ona.

"Zikaamkia majalada yasiyo yao," alisema Bi. Chausiku. Akavaa viatu.

Msajili Lukiza alilitazama duara kwa muda mrefu, akiwa na kofia ya Madai. Kisha akairudisha karatasi.

"Huo ni ushahidi mpya. Mahakama ya Rufaa haipokei ushahidi mpya. Ulipaswa kuutoa kule chini, siku ya kesi."

"Siku ya kesi talaka ilikuwa haijasomwa!"

"Ndiyo. Ulipaswa kuipinga kabla haijasomwa."

"Basi nipelekeni mbele ya majaji niwaeleze kwa mdomo wangu."

Msajili alicheka kwa huruma. "Mama yangu, majaji wa rufaa hawaoni watu. Wanakaa nyuma ya pazia, wasije wakaingiwa na huruma kwa kuona nyuso. Wanaona karatasi tu, na karatasi yenyewe ni mwenendo wa kesi: yale yaliyosemwa mbele ya hakimu na mpiga chapa akayaandika. Ukilia, machozi hayamo kwenye mwenendo. Kama haikuandikwa, haikutokea."

Bi. Chausiku aliyameza maneno hayo taratibu. Kisha akauliza swali ambalo Msajili hakuwahi kuulizwa na mwanamke mwenye umri ule:

"Kosa dogo la jinai linalonifaa mimi ni lipi?"

*

Jumapili mchana, kisamvu cha karanga kikiwa jikoni na harufu yake imeshapanda ukuta, Bi. Chausiku alisimama uani akaita.

"Baba Siwema!"

Siwema ni binti yao mkubwa, aliyeolewa mbali. Ng'ambo ya ukuta kiti kililia.

"Naam, Mama Siwema."

"Umekula?"

"Bwana Mgeta anapika."

"Anapika nini?"

"Anachemsha."

"Njoo nyumbani ule."

"Siwezi, mama. Ni kosa la jinai. Ni kudharau mahakama."

"Ndiyo maana nakuita."

Akamweleza mpango wote: kwamba wakikamatwa kutakuwa na kesi mpya, kesi mpya ina mwenendo mpya, na kwenye mwenendo mpya ataliandikisha duara. Mzee Pazi alisikiliza hadi mwisho. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi sijawahi kuvunja sheria, Mama Siwema."

"Najua."

"Na tukifungwa? Gereza la wanaume liko mbali na la wanawake."

"Hatua ngapi?"

Mzee Pazi akafikiri, maana swali la vipimo hakuwahi kulipuuza. "Zaidi ya hamsini."

"Basi tofauti yake na sasa ni nini?"

Kuku wa Bwana Mgeta walikwaruza ardhi. Kisha Bi. Chausiku akasikia sauti ikija, ikizunguka mwisho wa ukuta, ikihesabu kinyumenyume. Arobaini na tisa. Arobaini na nane. Ilipofika tano ikapunguza mwendo. Kwenye moja Mzee Pazi alikuwa kizingitini. Akavua viatu, akaingia.

Alipokwisha kula sahani ya pili, Bi. Chausiku alikwenda kituo cha polisi.

"Nimekuja kushtaki," alimwambia sajini wa zamu. "Kuna mwanamke anakaa na mume ambaye mahakama imemkataza."

"Yuko wapi huyo mwanamke?"

"Anaongea na wewe."

Sajini akaweka kalamu chini. "Mama, nenda nyumbani."

"Siwezi, baba. Nyumbani ndiko kosa liliko."

*

Kesi ya jinai ilisikilizwa na Hakimu Bulugu yuleyule. Mshtakiwa alikuwa Bi. Chausiku peke yake, kwa kumshawishi mwanamume kwa kisamvu kinyume cha amri halali. Mzee Pazi hakushtakiwa. Aliingizwa kama kielelezo. Walimpima uzito, wakamfunga kikaratasi shingoni chenye maandishi KIELELEZO A, wakamkalisha juu ya meza.

"Mshtakiwa, una la kusema?" aliuliza Hakimu.

"Ninalo, Mheshimiwa. Iandikwe kwamba nimeolewa miaka thelathini na mmoja."

Mashine ya mpiga chapa ikalia ta-ta-ta.

"Iandikwe kwamba siku ile nilikuja kwa habari ya mlango wa choo. Iandikwe kwamba mlango unafunguka shibiri mbili. Iandikwe kwamba kielelezo A akiingia hutoa pumzi zote."

"Mama, haya yanahusiana vipi na kisamvu?"

"Iandikwe kwamba Mheshimiwa ameuliza."

Aliendelea hivyo kwa saa nne. Vidole vya mpiga chapa vilivimba mpaka kidole gumba cha kushoto kikakataa kabisa kukunja, na hili tunalijua kwa hakika. Mwisho Bi. Chausiku akatoa karatasi mbili, yake na ya Bi. Nuru, akazishika juu zimegusana.

"Iandikwe kwamba karatasi ya talaka na karatasi ya ukuta zikikutanishwa zinafanya duara moja la chai."

"Mimi sioni duara lolote," alisema Hakimu, bila kufungua macho.

"Iandikwe kwamba Mheshimiwa hajaona duara."

Ta-ta-ta. Hakimu Bulugu akafumbua jicho moja. Alikumbuka kwamba mwenendo huu utasomwa juu, na majaji, na kwamba majaji walikuwa wakitafuta mahakimu wa kupeleka wilaya ya jangwani.

"Ngoja! Limeonekana!" alisema. "Duara ninaliona vizuri sana. Iandikwe kwamba nimeliona mapema kuliko mtu yeyote humu ndani."

Kisha akafungua jalada na kusoma hukumu iliyochapwa tangu Jumatatu: hatia, miezi sita, kifungo kisimame kwanza kusubiri rufaa. Na kielelezo A kihifadhiwe stoo ya mahakama mpaka rufaa iamuliwe.

Bi. Chausiku hakuwa ametarajia hilo la stoo.

Siku zikaenda. Mzee Pazi aliwekwa kati ya baiskeli mbili zilizoibwa na gunia la mihogo yenye mgogoro. Kila siku mchana mkewe alimletea chakula, akakipitisha kwenye nondo za dirisha, na kila siku alimhesabia: siku ya arobaini, siku ya sitini na mbili, siku ya themanini. Mzee Pazi alipanga stoo yote kwa uzito, kutoka chepesi hadi kizito, naye mwenyewe akajiweka mahali pake. Lakini siku ya themanini na nne alikataa ugali.

"Mama Siwema," alisema akishika nondo, "ikikomaa, mimi nitatii. Unanijua. Sitaweza kufanya vingine. Kwa hiyo usiiache ikomae."

*

Rufaa ilisikilizwa siku ya themanini na tisa.

Pazia lilikuwa zito, la rangi ya zambarau. Nyuma yake walikaa majaji watatu: Jaji Kiongozi Nyambele katikati, Jaji wa Kulia, ambaye hukubali kila kitu, na Jaji wa Kushoto, ambaye hukataa kila kitu ili ionekane kuna mjadala. Bi. Chausiku alikaa kwenye benchi ameziba mdomo kwa leso, maana mrufani haruhusiwi kusikika.

Jaji Kiongozi alisafisha koo, jambo lililochukua muda.

"Mahakama hii tukufu," alisema, "imeusoma mwenendo wa kurasa mia tatu na kumi na mbili. Tumeyaona mambo mazito. Tumeuona mlango. Tumeziona shibiri mbili. Swali lililo mbele yetu ni moja: je, mahakama ya chini ilikosea?"

"Haikukosea," alisema Jaji wa Kulia.

"Ilikosea," alisema Jaji wa Kushoto, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini alikuwa sahihi, lakini hakuna aliyemsikiliza kwa sababu ya mazoea.

"Mahakama haikosei," aliendelea Jaji Kiongozi. "Hilo limetangazwa mlangoni, na atakaye akalisome. Hata hivyo, katika ukurasa wa mia mbili na tisa limeandikwa duara. Tena hakimu mwenyewe amekiri kuliona mapema kuliko mtu yeyote. Lililoandikwa limetokea. Na duara la chai haliwezi kujichora. Nani basi aliliweka?"

Nyuma ya pazia kukawa na mnong'ono mrefu. Tarishi alitumwa mahakama ya chini na karatasi zote mbili, apime vikombe. Alirudi baada ya saa moja na kikombe cha bluu chenye ufa kwenye kishikio, alichokikuta mezani kwa mpiga chapa, na kitako chake kiliingia kwenye duara sawasawa kama mguu kwenye kiatu chake. Mpiga chapa hakuulizwa chochote. Mpiga chapa huandika ya wengine, yeye mwenyewe haandikwi, kwa hiyo kisheria hayupo.

"Mahakama hii inaamua," alisema Jaji Kiongozi Nyambele, na sauti yake ikatikisa pazia, "kwamba hukumu mbili zilikutanishwa na kikombe, zikatenganishwa na kikombe, na kupelekwa pasipo mahali pake na kikombe. Talaka ya mrufani haikutolewa na mahakama. Ilitolewa na kikombe, ambacho hakina mamlaka ya kuvunja ndoa. Amri imetenguliwa. Hatia imefutwa. Kielelezo A kirudishwe kwa mwenyewe. Kikombe kifungwe maisha."

"Nakubali," alisema Jaji wa Kulia.

"Nakataa," alisema Jaji wa Kushoto.

Bi. Chausiku alitoa leso mdomoni. "Na ukuta, Mheshimiwa?"

Mrufani amesikika! Lakini Jaji Kiongozi alikuwa katika furaha ya kumaliza.

"Amri ya kubomoa ukuta ilishatekelezwa kikamilifu, mtaa wa Stesheni," alisema. "Amri haitekelezwi mara mbili."

Mchana ule Mzee Pazi alitoka stoo na kikombe kikaingia, kikawekwa palepale alipokuwa ameketi, ingawa kwa uzito hapakuwa mahali pake. Walirudi nyumbani pamoja kwa miguu, bila kuhesabu. Bi. Nuru hakusubiri apelekewe talaka yake. Alihamia kwa dada yake na kumwachia mumewe vifusi. Na ule ukuta ungalipo. Alikuja fundi seremala, akang'oa bawaba za mlango wa choo, akazigeuza, mlango ukafunguka kwa ndani. Kazi ya nusu saa.

*

Hadithi ilikuwa imalizike hapo. Nimeisoma kwa sauti nyumbani kwa Bi. Chausiku mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyetaka iandikwe, isije ikasemwa siku moja kwamba haikutokea. Alikuwa anashona sketi ya bluu. Nilipofika kwenye bawaba alisimamisha cherehani.

"Umeandika vizuri, mwanangu. Rudi pale pa tangawizi."

Nikarudi. Nikasoma kwa haraka kidogo.

"Nani alikwambia chai ilizidi tangawizi?"

"Ni... inasemekana, mama."

"Na nani? Hakuna aliyeitaja tangawizi mahakamani. Nimekaa pale saa nne. Na hicho kidole gumba cha kushoto, unakijuaje kwa hakika?"

Nikaficha mkono wa kushoto chini ya daftari. Haukusaidia. Bi. Chausiku alikwishauona.

Basi nikasema. Kikombe kile ni changu. Siku hizi nanywea chai kwenye kopo la maziwa. Ni mimi mpiga chapa, ambaye mahakamani hakuna anayemtazama usoni; ni mimi niliyezichapa hukumu zote mbili, ni mimi niliyeweka kikombe juu yake, na koo kweli liliniwasha.

Mguu wa Bi. Chausiku haukurudi kwenye pedeli ya cherehani.

"Tangawizi imekuwasha, umekwenda kunywa maji," alisema. "Ukarudi. Ukaziona karatasi."

"Niliziona."

"Zilikuwa zimechanganyika?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimekusudia kudanganya. Nilikuwa na sentensi nzuri sana, niliiandaa njiani. Lakini Mzee Pazi alikuwa chooni, mlango umefungwa vizuri, na alikuwa anapiga mluzi.

"Hazikuwa zimechanganyika," nilisema. "Nilizibadilisha mwenyewe. Nilitaka kuona kama Hakimu husoma anachokisoma. Nilidhani atafika kwenye neno ndoa, ashtuke, tucheke, nizirudishe. Hakushtuka. Na baada ya hapo nikaogopa, siku themanini na tisa."

Bi. Chausiku aliokota uzi ulioanguka, akaulamba, akaupitisha kwenye tundu la sindano bila kuniondolea macho. Mluzi wa chooni ulikatika, mlango ukafunguka kwa ndani, na Mzee Pazi akauliza kuna nini.

"Hakuna kitu, Baba Siwema," alisema. Kisha akanisogezea daftari langu, akalifungua kwenye ukurasa mweupe. "Iandikwe."